Matangazo ya aibu kwenye kompyuta ya nyumbani, na mtu anayeomba pesa kwa jina langu

Mshauri, jambo.

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza vitenge, na wateja wangu wengi ninawapata kwa Facebook na WhatsApp. Nyumbani tuna kompyuta moja tu, laptopu tuliyoinunua mjini ikiwa imeshatumika. Mtoto wa dada yangu, ambaye anajua mambo hayo, ndiye aliyetuwekea Word na Excel bila kulipa.

Tangu mwanzo wa mwaka ni taabu. Ukifungua Chrome, ukurasa unaokuja si ule wa Google tuliouzoea, na ukitafuta kitu majibu yote ya juu ni matangazo. Chini kulia mwa skrini vinaruka visanduku: kubeti mpira, dawa za nguvu za kiume, wanawake wasio na nguo. Vingine vinasema kwa Kifaransa kwamba mashini ina virusi vitano, bofya hapa upesi. Mega za intaneti tunazonunua asubuhi hazifiki jioni.

Baba watoto anafanya kazi Kolwezi na hurudi mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho alikuwa sebuleni na mkubwa wake, wakitazama picha za harusi, na picha ya aibu ikaruka mbele yao. Mtoto wetu wa kwanza anasoma UNILU, na ndiye anayetumia mashini sana kwa sababu anaandika kazi yake ya kumaliza masomo. Akaitwa, akaulizwa huwa anatazama nini usiku. Alikana mpaka akalia. Baba yake hakumwamini, na tangu siku hiyo hawasemezani vizuri.

Kisha wateja watatu wakanipigia kuniuliza kwa nini ninawaomba pesa. Mtu aliwaandikia kutoka Facebook yangu kwamba niko hospitali, wanitumie dola 50 kwa namba nisiyoijua. Mmoja alituma. Nikabadilisha nenosiri palepale kwenye kompyuta. Baada ya siku chache yule mtu akarudi. Nikabadilisha tena, akarudi tena.

Kijana wa jirani alituwekea antivirusi mbili mpya, na sasa mashini inatembea kama imechoka. Fundi wa mjini anasema dawa ni kufomati, dola 25, na kila kilichomo kitapotea. Kazi ya mtoto imo, na picha za mama yangu marehemu zimo.

Je, matangazo haya yanakuja kwa sababu ya mambo ambayo mtu anatazama? Nani anaingia Facebook yangu, na anapitia wapi? Na kweli hakuna njia isipokuwa kufomati?

Mama wa vitenge, Katuba

*

Mama, jambo, na pole kwa yote mawili, la kijana na la wateja.

Nianze na kijana, kwa kuwa kompyuta inaweza kungoja na yeye hapaswi kungoja. Matangazo yale hayathibitishi chochote juu ya mtu anayeketi mbele ya skrini. Programu ya matangazo ikishaingia kwenye mashini haichunguzi tabia ya mwenye nyumba kabla ya kurusha picha. Aliyeitengeneza analipwa kila tangazo linapoonekana au linapobofywa, na wanaomlipa bila kumuuliza maswali ni watu wa kubeti, wa dawa za uongo na wa picha za uchi. Kwa hiyo hizo ndizo zinazorushwa, kwa padre, kwa mwalimu, kwa mtoto wa miaka minane, bila ubaguzi.

Baba watoto akitaka mfano, upo unaojulikana dunia nzima. Mwaka 2015 iligundulika kwamba kampuni ya Lenovo ilikuwa imeuza laptopu mpya zikiwa tayari na programu iitwayo Superfish, ambayo ilipenyeza matangazo ndani ya kurasa ambazo watu walizifungua. Wenye mashini hizo hawakuwa wametembelea popote pabaya. Walinunua kompyuta dukani, wakaifungua, wakakuta matangazo. Tena Superfish ilidhoofisha ule ulinzi unaoficha mawasiliano kati ya mtu na benki yake au barua pepe yake, na mwaka 2017 Lenovo ililazimika kufikia makubaliano na FTC, tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi. Ikiwa jambo hilo lilitokea kwa mashini iliyotoka kiwandani, kijana wa Katuba anayetumia laptopu iliyopita mikononi mwa watu wengine asihukumiwe kwa kisanduku kilichoruka.

Swali la kumuuliza ni jingine kabisa, na aulizwe kwa upole: alipotafuta mechi ya Mazembe ya bure, au filamu, au kitabu cha masomo, kuna ukurasa uliomwambia abofye «Autoriser» ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti? Karibu kila kijana atajibu ndiyo. Neno hilo halithibitishi uroboti wowote. Ni ruhusa ya kutuma arifa, na ukishaitoa, tovuti ile inaweza kukurushia visanduku hata kama hujaifungua tena. Hata vile vinavyosema mashini ina virusi vitano vinatoka hukohuko. Hakuna aliyepima kompyuta yako. Ni tangazo lililovishwa nguo za daktari, na dawa linayokuuzia ndiyo ugonjwa wenyewe.

Sasa huyu wa Facebook, ambaye ananitia wasiwasi zaidi.

Mama, una matatizo mawili, na watu wengi wanayachanganya kwa sababu yanaonekana kwenye skrini moja. La kwanza ni matangazo: yanaudhi, yanakula mega, yanaleta aibu, lakini yanajionyesha. La pili ni programu ya upelelezi, na hiyo haijionyeshi kamwe. Inakaa kimya, inasoma maneno ya siri uliyoyahifadhi ndani ya kivinjari, yaani Chrome yako, inayatuma kwa mtu usiyemjua. Zote mbili hupenda kuingia kwa mlango mmoja, ndiyo maana matangazo mengi ni sababu ya kushuku hilo la pili. Kwako si kushuku tena. Umebadilisha nenosiri mara mbili kwenye mashini ileile, na mara mbili mtu amerudi. Dalili hiyo inanitosha kuitendea kompyuta yako kana kwamba inasoma kila unachoandika, na ikiwa ndivyo, nenosiri jipya ulimpelekea mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawawaelezi watu. Ukiingia Facebook, kivinjari hutunza faili dogo, wenyewe wanaliita kidakuzi, linaloifanya Facebook ikukumbuke bila kukuuliza nenosiri kila asubuhi. Mwizi akinakili faili hilo anaingia kama wewe, na wala haulizwi nenosiri. Programu za wizi za siku hizi zinabeba vyote viwili, maneno ya siri na vidakuzi, kisha wengine wanauziwa mzigo huo. Mwezi wa Mei 2025 Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi mbalimbali, ilivunja sehemu kubwa ya mitambo ya mmojawapo wa wezi hao, aitwaye Lumma. Katika miezi miwili ya kabla ya hapo ilikuwa imehesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 alizoziambukiza. Kwa hiyo anayewaandikia wateja wako huenda hakujui kabisa, hayuko Lubumbashi, na hajawahi kusikia jina la Katuba mpaka alipofungua ujumbe wako. Usianze kuwashuku majirani.

Fanya hivi leo, kabla ya kugusa matangazo hata moja. Zima intaneti ya kompyuta. Chukua simu, yako au ya mtu unayemwamini, na uanze na barua pepe, si na Facebook, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Kwenye Gmail badilisha nenosiri, kisha katika «Sécurité» tazama «Vos appareils» na utoe kila kifaa usichokitambua, pamoja na kompyuta ya nyumbani. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai kithibitisho kingine, kama namba inayokuja kwenye simu yako, baada ya nenosiri. Halafu Facebook: «Espace Comptes», «Mot de passe et sécurité», na hapo utakuta orodha ya mahali akaunti yako imefunguliwa. Badilisha nenosiri na uzitoe zote. Usiache hata moja kwa huruma, maana kuzitoa huko ndiko kunakoua vile vidakuzi vilivyoibwa. Tazama pia barua pepe na namba za simu zilizosajiliwa kwenye akaunti. Mwizi mwerevu huongeza ya kwake ili arudi kesho.

WhatsApp nayo usiisahau, kwani nadhani uliwahi kuiunganisha na kompyuta ili ujibu wateja kwa upesi. Ndani yake kuna «Appareils connectés», ondoa vyote. Na kama namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money uliiandika popote ndani ya mashini, hata katika faili la hesabu za vitenge, ibadilishe leo.

Kisha waandikie wateja, wote, si wale watatu tu. Waambie akaunti iliingiliwa, hujaomba pesa, na mtu akiwaandikia tena wakupigie simu wasikie sauti yako. Yule aliyetuma dola 50, mpigie wewe kwanza, kabla hajakupigia yeye. Hifadhi picha za ule ujumbe na ile namba iliyopokea pesa, nenda nazo kwa kampuni ya simu inayomiliki namba hiyo, na mfungue mashtaka polisi yeye na wewe pamoja. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa katika nchi yetu kwa kanuni ya dijitali, ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Siwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi, lakini karatasi ya polisi inakulinda wewe na jina lako sokoni.

Kazi ya mtoto na picha za mama, Mungu ampumzishe, haziko hatarini kama fundi alivyokutisha. Kufomati hakufuti kitu ulichokwisha kukitoa. Nunua flashi mpya, au mbili, maana picha za marehemu hazitunzwi mahali pamoja. Nakili faili za Word, PDF, Excel na picha. Usinakili programu yoyote, wala faili linaloishia kwa .exe, wala lile folda la programu alizoacha mtoto wa dada yako. Kijana aitume pia kazi yake kwenye barua pepe yake, lakini kwa simu au kompyuta nyingine, si kwa hiyo iliyo mgonjwa. Flashi hiyo ikichomekwa kwingine, ipimwe kwa antivirusi kabla ya kufunguliwa.

Ukishafika hapo, pumua. Sasa tunaweza kusafisha.

Visanduku vya pembeni ni rahisi kuliko vyote. Katika Chrome fungua «Paramètres», «Confidentialité et sécurité», «Paramètres des sites», kisha «Notifications». Utaona orodha ya tovuti zilizopewa ruhusa, na majina mengine hutayatambua kabisa. Ziondoe. Hapo ndipo ningependa baba watoto aketi pembeni na kusoma orodha hiyo kwa macho yake, kwa sababu aliyerusha ile picha huenda ameandikwa humo kwa jina. Ukurasa wa kwanza uliobadilika kwa kawaida ni kazi ya kiendelezi, yaani kijiprogramu kilichojibandika kwenye kivinjari. Andika chrome://extensions juu pale panapoandikwa anwani, na uondoe kila kiendelezi ambacho hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kukiweka. Kikikataa kuondoka, na menyu ya Chrome ikasema kivinjari «Géré par votre organisation», huku nyumba yako si kampuni, ujue programu iliyojificha ndani ya Windows ndiyo inayokishikilia. Itabidi itoke hiyo kwanza.

Kwa hilo ingia «Paramètres» za Windows, «Applications», na upange orodha ya programu kwa tarehe ya kuwekwa. Tazama zilizoingia siku moja na matatizo yalipoanza: visafishaji, viongeza kasi, vivinjari vya majina ya ajabu. Zitoe, na utoe antivirusi zote mbili za kijana wa jirani. Alikuwa na nia njema, lakini antivirusi mbili kwenye mashini moja zinanyang'anyana kila faili, na zote zinakula nguvu. Windows 10 na 11 zina antivirusi yake ndani, Microsoft Defender. Haina malipo, na kwa nyumba yako inatosha.

Kabla ya kuiamini, itazame imefanywa nini. Watu wanaoweka Word ya bure huambiwa na maelezo ya ile kraki, yaani programu ya kukwepa leseni, wazime antivirusi kwanza, «kwa sababu inaona virusi ambavyo si virusi». Wengine huandika folda la kraki katika orodha ya vitu ambavyo Defender haruhusiwi kuvikagua, na orodha hiyo inabaki miaka. Fungua «Sécurité Windows», «Protection contre les virus et menaces», shuka kwenye «Gérer les paramètres» mpaka uone «Exclusions». Kama kuna kitu humo ambacho hukukiweka kwa akili yako, kifute. Kisha urudi kwenye «Options d'analyse» na uchague ukaguzi wa «hors ligne». Mashini itazimika na kuwaka tena, na itajikagua kabla Windows haijaamka, wakati ambapo programu mbaya haina pa kujificha. Huchukua kama dakika 15. Fanya saa ambayo umeme wa SNEL upo na betri imejaa.

Kuna kifaa kingine ninachokipenda kwa sisi tunaohesabu mega: AdwCleaner, ya kampuni ya Malwarebytes. Ni ya bure, ni ndogo, haifiki mega 20, na kazi yake ni hizi programu za matangazo hasa. Ipakueni kwa kompyuta nyingine, kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe na si kwingine, kwa sababu jina lake nalo linaigwa. Ikikupa orodha ya vitu vya kuondoa, isomeni kwanza. Na mtu akikuelekeza kwenye kile kisafishaji kilichokuwa ndani ya Chrome, ameachwa nyuma: Google ilikiondoa mwaka 2023.

Msomaji mwenye matangazo peke yake anaweza kuishia hapo na kupona. Wewe, mama, sitakuambia hivyo. Mtu ameingia akaunti yako mara tatu, na hakuna ukaguzi unaoweza kukuapia kwamba kila kitu kimetoka. Hivyo fundi wako alikuwa na haki juu ya kufomati. Alikosea kukuambia kwamba kila kitu lazima kipotee, na alikosea zaidi kwa kutokukuuliza habari za akaunti zako. Angefomati, angechukua dola 25, na mwizi angebaki ndani ya Facebook yako akiwa na kidakuzi chake mkononi.

Kama kijana yuko siku chache kabla ya kukabidhi kazi yake, safisheni kwanza kama nilivyoeleza na aandike bila intaneti, bila mtu yeyote kuingia akaunti yoyote kwenye mashini hiyo. Akishakabidhi, sakinisheni Windows upya.

Lakini hapa ndipo ninapoomba mnisikilize, wewe na mtoto wa dada yako. Mlango waliopitia karibu hakika ni ile Word ya bure. Simlaumu. Najua leseni ya Office inagharimu nini kwa mtu anayeuza vitenge, na najua hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Ila programu ya kuamsha Windows au Office bila leseni ni chambo cha wezi wanachokipenda. Mwaka 2021 wachunguzi wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi KMSPico, mojawapo ya hizo zinazozunguka sana, ilivyokuwa ikisambazwa ikiwa imebeba ndani yake mwizi wa maneno ya siri aitwaye CryptBot. Office inafunguka, mtu anafurahi, na mwizi naye yuko kazini.

Njia nyingine ipo, na ni halali. LibreOffice ni ya bure, ina Kifaransa chote, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, na kuipakua kunachukua kati ya mega 300 na 400, mara moja tu. Mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo ukihamisha kazi ndefu, kwa hiyo kijana ampelekee mwalimu wake PDF. Akihitaji Word yenyewe kwa marekebisho ya mwisho, ipo ya bure kwenye tovuti ya Microsoft kwa mwenye akaunti, ingawa hiyo inataka intaneti.

Windows yenyewe huenda tayari ni yenu. Laptopu nyingi zilizouzwa na Windows 8 au za baada ya hapo zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya mashini yenyewe, na Windows ya aina ileile ikiwekwa upya inaitambua bila kraki yoyote. Tazama katika «Paramètres», sehemu ya «Activation», kabla hamjaanza. Tazama pia kama ni Windows 10, kwa sababu masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ikikubali Windows 11, ipandisheni huko. Isipokubali, Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na mtu hujiandikisha ndani ya «Windows Update».

Kuna jambo moja la mtaani litakalowarudisha mlipotoka msipoangalia: flashi. Kompyuta za biro za kuchapisha zinapokea flashi za mji mzima, na kuna virusi vinavyoficha faili zako na kuacha raccourci, yaani njia za mkato, zenye majina yaleyale. Ukibofya raccourci, umeviingiza nyumbani. Faili hazijapotea, zimefichwa tu. Mwenye kujua afungue «invite de commandes» na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akiweka herufi ya flashi yake badala ya E, nazo zitaonekana. Bora zaidi, wekeni flashi moja ya kuchapishia tu, yenye nakala za PDF na si kitu kingine, na ifomatiwe ikirudi nyumbani kabla ya kufunguliwa. Ile yenye picha za mama isitoke nyumbani.

Na mwambie kijana kuhusu ukurasa mmoja mbaya kuliko ule wa «Autoriser», kwani atakutana nao. Nao unajifanya unataka kujua kama wewe ni roboti, kisha unakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Entrée. Hakuna tovuti ya kweli duniani inayouliza hivyo. Vitufe hivyo vinaiamuru kompyuta yako mwenyewe imwite mwizi, na Lumma niliyemtaja aliingia nyumba nyingi kwa njia hiyo.

Siku ya kusakinisha, kama baba watoto amerudi, ifanyeni pamoja naye. Si lazima fundi. «Paramètres», «Récupération», «Réinitialiser ce PC», kisha «Tout supprimer». Mashini itauliza kama itumie Windows iliyo ndani au ipakue mpya. Kupakua kunaweza kula mega 4,000, kwa hiyo kama mega ni chache chagueni iliyo ndani. Kama kuna mtu kazini mwenye intaneti nzuri, pakueni, ni safi zaidi. Mkipendelea fundi, mlipeni dola zake, lakini mmoja wenu aketi naye mpaka mwisho, na mapatano yawe haya kabla hajaifungua: Windows, LibreOffice, kivinjari, basi. Asiweke kraki, asiweke antivirusi ya zawadi, asizime Defender hata kwa dakika moja. Akisema haiwezekani, mtafute mwingine.

Mashini ikiwaka upya, fungua akaunti mbili za Windows, moja ya kusimamia yenye nenosiri lako wewe na baba watoto, na nyingine ya kawaida kwa matumizi ya kila siku, ambayo haiwezi kuweka programu kwenye mashini nzima bila nenosiri hilo. Facebook ya biashara ifungue kwa simu tu kwa wiki za kwanza, na utazame orodha ya vifaa kila baada ya siku chache. Ikibaki na simu yako peke yake, irudishe kwenye kompyuta.